Mtu wa Vienna Aliyekipima Kisiwa Chetu

Wanachuo wenzangu, kila anayeandika andiko la PhD kuhusu misitu na mabadiliko ya matumizi ya ardhi lazima ajibu swali moja kabla ya mengine yote: unaanza kuhesabu kutoka mwaka gani? Swali hilo lilinikwamisha miezi mitatu mizima. Nilitaka kuandika kuhusu Mafia, kisiwa nilichozaliwa, na msimamizi wangu alikuwa ananirudishia kurasa zangu zikiwa na mstari mwekundu mahali palepale. Nilikuwa nimeandika kwamba msitu wa Mafia umepungua. Yeye alitaka kujua umepungua ukilinganisha na lini.

Nilikuwa na picha za satelaiti, kama kila mtu. Lakini satelaiti za Landsat zilianza kupiga picha mwaka 1972, na zile za kwanza hazionyeshi vizuri kisiwa chenye urefu wa kilomita 50 tu. Kabla ya hapo nilikuwa sina kitu, nina masimulizi ya bibi yangu basi. Ndipo siku moja maktaba, katika toleo la mwaka 1957 la jarida la Tanganyika Notes and Records, nikakuta tafsiri ya Kiingereza ya kitabu kidogo kuhusu Mafia. Mwandishi ni Oscar Baumann. Jina nilikuwa nalijua kama wengi wenu mnavyolijua, kwa habari ya Ngorongoro. Kwamba alifika hadi kwetu, hilo sikuwa nalijua kabisa.

Basi nikaanza kumfuatilia. Nawaletea hapa maisha yake, kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu tunaotafuta nafasi za kusoma udaktari katika uhifadhi tutakutana naye au na wenzake, tupende tusipende, maana ndio walioandika ramani za mwanzo za nchi hii. Ya pili ni ya kwangu binafsi, inahusu shamba la mjomba wangu, nitaifikia.

Baumann alizaliwa Vienna, Austria, mwezi Juni mwaka 1864, katika familia ya Kiyahudi. Alisoma jiografia na elimu ya viumbe katika chuo kikuu cha mji huohuo. Mwaka 1885, akiwa na miaka 21, yaani umri wa wengi wetu tukiwa mwaka wa pili tunasubiri bumu, alijiunga na msafara wa Waaustria kwenda Kongo chini ya Oskar Lenz. Kazi yake ilikuwa kupima mto. Walipofika maporomoko ya Stanley, ambako leo ni Kisangani, ugonjwa ulimzidi akashindwa kuendelea. Lenz alisonga mbele mpaka pwani ya mashariki, kijana akarudi alikotoka. Mwingine angeishia hapo. Yeye mwaka uliofuata akaenda kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo kinaitwa Bioko na ni sehemu ya Guinea ya Ikweta, akakizunguka kwa miguu na kuwaandikia kitabu watu wake, Wabubi. Kitabu kilitoka mwaka 1888.

Nataka mwone mtindo wake hapo, kwa sababu ndio mtindo aliokuja nao Mafia. Anachagua eneo dogo, analizunguka lote, anachora ramani, anaorodhesha vijiji, mazao na watu, kisha anaandika haraka. Hakai muda mrefu. Ndiyo nguvu yake na ndiyo kasoro yake.

Mwaka huohuo wa 1888 alikuja Afrika Mashariki pamoja na Hans Meyer, Mjerumani aliyekuwa anaitaka sana Kilimanjaro. Walipita Usambara, na Baumann akaanza kuichora. Lakini walikuja wakati mbaya. Pwani ilikuwa imewaka moto: watu wa Pangani na miji mingine walikuwa wameinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyotaka kushika forodha na bendera. Wazungu wawili hawa wakakamatwa na watu wa Abushiri bin Salim, wakafungwa, na wakaachiliwa baada ya fedha kulipwa. Meyer alirudi mwaka 1889 akafika kilele cha Kilimanjaro, safari ile ambayo sisi tunamkumbuka nayo Yohani Lauwo. Baumann hakuwamo.

Yeye alirudi Usambara mwaka 1890, safari hii akitumwa na kampuni ileile ya Kijerumani iliyokuwa imepigana na waliomfunga. Alitembea milima ile na nchi za jirani, akapima, na mwaka 1891 akatoa kitabu kinene kuhusu Usambara. Kwa mtu anayesoma misitu, hapa ndipo mambo yanapoanza kuuma. Baumann aliipima Usambara ili ijulikane inafaa kwa nini: reli ipite wapi, mashamba yawekwe wapi. Miaka michache baadaye makampuni ya walowezi yalikata msitu wa Usambara Mashariki na kupanda kahawa. Waliuona msitu mnene wakadhani udongo chini yake lazima una rutuba. Kumbe rutuba nyingi ya msitu wa namna ile imo ndani ya miti yenyewe na majani yanayooza. Ukishakata, udongo unaobaki ni mchovu na una tindikali. Kahawa ikadorora, mashamba mengi yakaachwa, na msitu haukurudi ulivyokuwa. Wanafunzi wa leo wanaoandika tasnifu kuhusu Amani na milima ya Tao la Mashariki bado wanapima makovu ya kahawa ile. Baumann mwenyewe hakukata mti, lakini kalamu yake ilitangulia shoka.

Safari iliyompa jina kubwa ilianza Tanga mwezi Januari 1892. Ililipwa na kamati ya Kijerumani ya kupinga biashara ya utumwa, iliyokuwa imechangisha fedha kwa bahati nasibu. Baumann alitoka na msafara mkubwa wa wapagazi na askari, wengi wao watu wa pwani. Walipita Ziwa Manyara, na mwezi Machi 1892 akasimama ukingoni mwa Ngorongoro na kushuka ndani. Vitabu vingi vya watalii vinamtaja kama Mzungu wa kwanza kuiona. Alipita Serengeti, akafika Ziwa Viktoria, akaingia Burundi na kugusa Rwanda mwezi Septemba. Warundi wengi walimpokea kama mfalme wao Mwezi aliyerudi, jambo ambalo hakulitegemea ila alilitumia. Alifuatilia mto Ruvubu akaamini amefika chimbuko la Nile, na ndilo aliloweka kwenye jina la kitabu chake cha mwaka 1894. Njiani alipigana na wenyeji zaidi ya mara moja, na watu walikufa kwa risasi za msafara wake. Hilo lisifichwe. Mtu aliyelipwa na fedha za kupinga utumwa alipita nchi za watu na bunduki, na popote alipopita palikuwa pamewekwa alama kwenye ramani ya koloni.

Lakini kuna jambo moja katika safari ile ambalo nadhani kila anayetaka kusomea uhifadhi angelishika. Baumann alifika Umasaini mara tu baada ya sotoka. Ugonjwa ule ulikuwa umeteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki karibu wote, na nyuma yake zikafuata njaa na ndui. Ndani ya kreta ya Ngorongoro na pembeni yake aliwaona Wamasai waliobaki mifupa mitupu, wanawake na watoto wakiifuata kambi yake kuomba chakula. Aliandika alichokiona, na maelezo yake ni kati ya ushahidi mkubwa tulio nao wa maafa yale.

Sasa jiulizeni. Ng'ombe wakifa na watu wakihama au wakifa, malisho yanabaki bila mlishaji na mashamba bila mlimaji. Vichaka vinaota. Wanyamapori wanarudi, na mbung'o wanakuja nao. Miaka kumi au ishirini baadaye anafika ofisa wa serikali ya kikoloni, anaona pori kubwa lisilo na mtu, anaandika kwamba hapa pamekuwa pori tangu dunia iumbwe, na anaweka mpaka wa hifadhi. Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilieleza hili katika kitabu chake cha mwaka 1977, na tangu hapo wanahistoria wamebishana naye kuhusu ukubwa wa maafa na idadi ya watu. Ila hoja ya msingi ni ngumu kuikwepa: mwaka unaoanzia kuhesabu unaamua nani ataonekana mvamizi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba.

Mjomba wangu analima kaskazini mwa Mafia. Ana minazi yake karibu na nyumba, na upande wa porini ana haki ya kulima kama walivyokuwa nayo wazee wake. Ardhi ile hailimwi mfululizo. Unafyeka, unachoma, unapanda mpunga na mtama misimu michache, kisha unailaza mpaka ipate nguvu. Ikilazwa miaka mingi inaota miti, na mtu mgeni akiitazama anaona msitu. Mwaka juzi alikuja mtu wa ofisi moja ambayo sitaitaja, ana ramani ya rangi kwenye tableti, akamwambia mjomba kwamba sehemu anayoifyeka ni msitu wa asili na kwamba yeye ni mharibifu wa mazingira. Rangi ya kijani ilikuwa ndiyo ushahidi wake. Mjomba hakuwa na cha kumwonyesha isipokuwa miembe mitatu ya babu yake katikati ya kile kinachoitwa msitu wa asili. Kesi haijaisha mpaka leo.

Kwa hiyo niliposikia Baumann alipima Mafia mwaka 1895, moyo ulinidunda. Nikadhani nimepata hati ya mjomba.

Alikuja hivi. Mafia ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar mpaka mwaka 1890, ndipo Waingereza na Wajerumani wakagawana, na Mafia ikaangukia upande wa Wajerumani pamoja na pwani ya bara. Sultani alilipwa marki milioni 4 kwa vyote viwili. Wenye nyumba hawakuulizwa. Miaka mitano baadaye Baumann akaamua kupima visiwa vyote vya Zanzibar, kimoja baada ya kingine, akaanza na sisi. Kitabu cha Mafia na visiwa vyake vidogo kilitoka Leipzig mwaka 1896 kikiwa na ramani. Cha Unguja kikafuata mwaka 1897, na cha Pemba mwaka 1899.

Katika Mafia aliyoiona Baumann, mji mkuu haukuwa Kilindoni, ulikuwa Chole, kile kisiwa kidogo ambacho leo wageni wanakwenda kutazama popo wakubwa na magofu yaliyoshikwa na mizizi. Mashamba makubwa ya minazi yalikuwa mikononi mwa matajiri wenye asili ya Oman, na waliolima na kukwea walikuwa watumwa. Utumwa Tanganyika haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922, Wajerumani wakiwa wameshaondoka. Baumann alizunguka, akahesabu, akachora, akaangalia magofu ya Kua na ya Kisimani, akaandika nani anakaa wapi na anaishi kwa nini. Kisha akaondoka.

Nilikaa na tafsiri ile wiki mbili. Nikapata nakala ya ramani, nikaiweka kwenye kompyuta juu ya picha za satelaiti, nikaanza kuvutanisha pembe zilingane. Nikagundua mambo mawili, na yote mawili yalinivunja moyo kwanza.

La kwanza, ramani yake ni ya kisiwa kizima katika karatasi moja. Shamba la mtu mmoja halionekani. Hati ya mjomba haimo.

La pili ni kubwa zaidi. Hata kama ningekuwa na ramani yenye kila mti, mwaka 1895 si mwanzo wa chochote. Minazi aliyoikuta ilikuwa imepandwa na mikono ya watumwa mahali ambapo kabla yake palikuwa na vichaka, mashamba ya mtama, au msitu. Kabla ya hapo, karibu mwaka 1829, Wasakalava kutoka Madagaska walikuwa wameivamia Kua na mji ule ukafa, maana yake mashamba yaliyoulisha yakarudi kuwa pori. Na kabla ya Kua kulikuwa na Kisimani. Msitu wa Mlola, ule wa pwani ya mashariki ambao sisi watu wa uhifadhi tunaupenda sana, umesimama kando ya watu hawa wote kwa mamia ya miaka. Umewapa boriti, umewapa kuni za tanuri za chokaa, umewapa dawa. Ningeweka mwaka 1895 kama mwanzo, ningefanya kosa lilelile la ofisa mwenye tableti, tofauti ni kwamba langu lingekuwa na tarehe ya zamani zaidi.

Nilimpelekea msimamizi wangu habari hizi nikiwa nimekata tamaa. Kwa mara ya kwanza hakuchora mstari mwekundu. Alinielekeza kwamba hapo ndipo andiko langu linapoanzia.

Kuna mtu mwingine aliyenisaidia, na huyu alisoma PhD yake hasa kwetu. Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alikuja kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 akakaa kijijini, na kitabu chake kikatoka mwaka 1975. Yeye hakukizunguka kisiwa chote. Alikaa kijiji kimoja, akarudi tena na tena kwa miaka mingi, na akaeleza kwa makini jinsi haki ya kulima porini inavyopita katika ukoo kwa baba na kwa mama. Ukisoma Caplan, pori la mjomba wangu lina wenyewe. Ukitazama rangi ya kijani peke yake, halina. Baumann alinipa upana wa kisiwa, Caplan akanipa kina cha kijiji. Bado kuna kazi ambayo hakuna kati yao aliyeifanya, ya kuunganisha picha za anga, masimulizi ya wazee na udongo wenyewe, maana mkaa wa moto wa zamani na chavua za mimea hukaa ardhini na vinaweza kupimwa umri.

Baumann hakupata muda wa kurudi. Mwaka 1896 alifanywa konseli wa Austria na Hungaria huko Zanzibar, akaishi pale akiendelea na vitabu vyake vya visiwa. Afya ikamwangusha, akarudi kwao, na tarehe 12 Oktoba 1899 akafariki Vienna. Alikuwa na miaka 35. Katika miaka 14 alikuwa amepima Kongo, Bioko, Usambara, Umasaini, Burundi na visiwa vyetu vitatu. Nikilinganisha na kasi yangu ya kurasa kumi kwa mwezi naona aibu kidogo. Halafu nakumbuka wapagazi waliombebea vyombo, watu wa Mafia waliomtajia majina ya vijiji, na manahodha waliomvusha kwenye mikondo ya Chole, nao ramani haikuwataja, na aibu inapungua. Kasi ile ilikuwa na wabebaji.

Likizo iliyopita nilivuka kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni nikiwa na nakala ya ramani kwenye begi. Niliitandika ukumbini kwa mjomba, wakaja wazee wanne. Hawakujali Baumann ni nani. Waliishika ramani kama karatasi ya kawaida, wakaigeuza mpaka kaskazini ikatazama kaskazini kweli, wakaanza kubishana: wapi palihamwa, nani alilima wapi baba zao wakiwa hai, pori gani ni la zamani kweli ambalo hata babu zao hawakuthubutu kulifyeka. Na hapo nikashtuka, maana hilo la mwisho sikuwa nimeuliza. Wazee wale wanajua tofauti kati ya msitu na shamba lililolazwa, mti kwa mti, na wako tayari kuulinda ule wa kwanza wakiaminiwa kuhusu hili la pili. Niliandika mpaka wino ukaisha.

Sasa maneno machache kwa mnaotafuta nafasi. Nafasi za PhD za misitu ya tropiki zipo. Zipo za DAAD kwa vyuo vya Afrika, zipo za Jumuiya ya Madola, zipo kupitia mtandao wa RUFORUM, na zipo za miradi ya vyuo vya nje inayotafuta mtu wa kwenda kukusanya data Afrika. Hizi za mwisho ziangalieni vizuri. Mara nyingi swali limeshaandikwa, ramani imeshapakwa rangi, kinachotafutwa ni miguu. Mkiomba, ombeni mkiwa na swali lenu mkononi. Someni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kabla ya kugusa satelaiti, kwa sababu kijiji kinaweza kutenga msitu wake chenyewe, na hilo halionekani angani. Na jifunzeni kusoma vitabu vya kina Baumann bila kuwaogopa wala kuwasujudia.

Andiko langu nimelituma mwezi uliopita. Majibu bado. Kesi ya mjomba nayo bado. Lakini safari hii nimeambatanisha ukurasa mmoja ambao wazee wanne wamekubaliana nao, wenye mipaka ya pori lisilofyekwa na mipaka ya mashamba yaliyolazwa, na nakala ameibeba mjomba kwenda nayo kwenye baraza la ardhi. Majina yao yako chini, yote manne, pamoja na dole gumba la yule asiyejua kuandika.